Akili za Tluway Zilivyopimwa

Hii ni kweli tupu. Nikitia uongo hata mmoja, chai na maandazi ya wote humu mgahawani kwa Genoveva nalipa mimi.

Enzi za vijiji vya ujamaa, tawi la mti lilimwangukia kichwani kijana Tluway, dereva wa trekta pekee la kijiji chetu cha Nambis. Alizinduka, lakini mwenyekiti wa kijiji akautia ufunguo wa trekta mfukoni mpaka ubongo upimwe. Ukionekana umeharibika, Tluway arudi kwenye jembe la mkono kama sisi wenye akili.

Mwenyekiti mwenyewe alimsindikiza hospitalini. Busara yake haikuwa na kipimo, kama ya wenye vyeo wote. Baridi ilikuwa kali. Wote wawili wamejifunga mashuka mpaka kichwani.

Chumba cha daktari kilikuwa na kiti kimoja. Daktari, msomi mgeni kutoka pwani, hakugusa kidonda. Vidonda ni vya manesi. Yeye alikuwa wa ubongo.

"Mnazi unazaa nini, mzee wangu?"

"Kwetu haupo."

Akaandika.

"Treni hupita juu ya nini?"

"Huku haijapita."

Akaandika zaidi.

"Taja wanyama wengi uwezavyo."

"Mwekundu, mweusi, mwenye mabaka, yule asiye na pembe..."

"Wanyama, siyo rangi!"

"Ndio hao. Wote ng'ombe wangu."

"Haya, chora saa."

Likachorwa jua juu ya Mlima Hanang.

Daktari akafunga kalamu kwa huzuni. "Ubongo umeharibika. Asiendeshe chombo, asiamue jambo, asiachwe peke yake."

"Na kesho yake," nikamalizia, "Tluway akalima shamba la kijiji kwa trekta."

Fransiska, jirani yangu mezani, akatua kikombe. "Kwa ufunguo gani, babu?"

"Aliopewa na daktari! Tluway alikuwa amesimama mlangoni. Kiti kimoja, kijana akae mkubwa wake amesimama? Na mwenyekiti akiwepo, nani mwingine ajibu swali? Daktari akamwambia Tluway, 'Wewe mzima, mshikie huyu vitu vyake.'"

Mgahawa mzima ukacheka.

"Na huyo mwenyekiti yuko wapi siku hizi?" Fransiska akauliza.

"Alishafariki, maskini."

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mzee mmoja, akavua kofia, kovu refu likaonekana kichwani.

"Shikamoo, mwenyekiti," akaniamkia. "Twende nyumbani. Daktari alisema usiachwe peke yako."

"Marahaba, Tluway," nikajibu, nikamwita Genoveva alete maandazi ya wote.