Mlango Unaojua Mwendo

Hakuna mwanamume aliyewahi kumdanganya Mwanahawa. Wale wawili wa mwanzo tusiwahesabu, alikuwa bado mdogo. Huyu mumewe, Shaweji, ndiyo kwanza alikuwa anamchunguza.

Siku hizi Mji Mkongwe wa Unguja unaingia bure ikiwa ni mara yako ya kwanza. Milango ya kale inatambua mwendo wa kila aliyewahi kupita, na inasema. Kwa hiyo Shaweji na mkewe na binti yao Tima, waliotoka Morogoro na chapati zao kwenye hotipoti, waliapa getini kwamba hawajawahi kukanyaga pale.

Mbona basi Shaweji alikata kona bila kuuliza? Hata choo cha bure alikijua!

"Baba Tima, hapa umepajuaje?"

"Nimesoma ramani, mama."

"Ramani! Haya, twende mlango mkubwa. Mlango haudanganyi."

Akamtanguliza, akatega sikio.

"Karibu, mgeni," mlango ukasema, sauti ya bibi wa barazani. Tima naye akaitwa mgeni. Mwanahawa akakaza viatu vyake vipya, alivyovinunua makusudi kwa safari hii, akavuka.

"Karibu tena, Mwanahawa. Viatu vipya, mwendo uleule. Yule mwenzako wa mwaka juzi leo umemwacha wapi?"

Shaweji akageuka polepole.

"Mwaka juzi si ulikuwa Tanga, msibani kwa shangazi?"

"Mlango umezeeka huu, baba Tima. Unachanganya watu."

"Ndiyo maana," akasema Shaweji. "Nikawa najiuliza, msiba gani mtu anarudi na halua ya Unguja?"