Barua ya Mzalendo

Fundi aliiandika barua ya kumchongea mdogo wake kwa penseli ya useremala, ile nene anayoichomeka nyuma ya sikio, na ncha ikamkatikia mara mbili kwa jinsi alivyoikandamiza. Chini hakuweka jina. Aliandika tu: "Ni mimi, Mzalendo."

Uzalendo wapi! Ulikuwa wivu mtupu, na Fundi mwenyewe alijua. Ulimkaa kifuani tangu siku mdogo wake alipofungua duka la viti vya plastiki ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na karakana waliyoachiwa na marehemu baba yao. Viti vinatoka nje, vimepandanishwa kimoja juu ya kingine hadi darini, vyekundu, bluu, kijani, bei ya kutupa. Watu wanapishana mlangoni. Na Fundi, aliyemfundisha mdogo wake huyo huyo kushika randa, anakaa kwenye vumbi la mbao akitazama migongo ya watu waliokuwa wateja wake.

"Tunaviua vya kwetu kwa mikono yetu wenyewe," alikuwa akiwaambia wapita njia. "Rahisi ni ghali. Kiti changu utamrithisha mjukuu."

"Na mke mwenyewe sijapata, Fundi," mmoja akamjibu, naye ana viti vinne vya plastiki kichwani.

Hilo alilimeza. Lililomkwama kooni ni la mama yao. Alikwenda kumwona Jumapili, akamkuta kibarazani amekalia kiti cha plastiki, cha bluu.

"Na kile nilichokutengenezea, mama?"

"Kipo ndani, mwanangu, kizuri kweli. Ila jua likigeuka nani wa kunihamishia? Hiki nakivuta kwa kidole."

Roho ilimuuma, akaondoka bila kumaliza chai.

Si kwamba mdogo wake hakujaribu. Mwanzoni alikuja, akasimama mlangoni kwa adabu zote. "Kaka, njoo tufanye wote. Au basi nikusaidie kidogo mambo yakae sawa." Fundi akamwonyesha nyundo. "Siku nitakayokula pesa ya plastiki, unichimbie kaburi." Tangu hapo mdogo mtu akawa anamwamkia kwa mbali.

Wala msidhani Fundi alilala njaa. Alikuwa na mteja mmoja, lakini mteja kweli kweli. Kila mwisho wa mwezi alikuja dereva wa pikapu, akapakia viti kumi na viwili vya shule moja huko mbali, akalipa bila kuomba kupunguziwa hata senti. Mwaka wa tatu huo.

"Hiyo shule haijai tu?" Fundi alimuuliza juzi.

"Bado wanajenga, Fundi," dereva akasema, akikaza kamba.

"Mwambie mwalimu mkuu ndiye mtu pekee mwenye akili katika nchi hii."

"Nitamfikishia."

Basi huyo mwalimu mkuu ndiye aliyemtia Fundi jeuri. Mwenye mteja kama huyo atamwogopa nani? Barua ikaenda ofisi ya viwango: kuna mfanyabiashara hapa ana ghala la vitu visivyokaguliwa, viti vya kuangusha wazee wetu, njooni kabla hajatumaliza.

Wakaja Jumanne asubuhi, mama mmoja mwenye miwani na vijana wake wawili. Fundi aliiweka randa chini akavuka barabara vile vile alivyo, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Watu walishajaa mbele ya duka. "Mimi ndugu yake," akasema, wakampisha. Alitaka kuwa karibu. Alitaka aone kwa macho yake jinsi sura ile itakavyosinyaa.

Mkaguzi alipekua karatasi moja baada ya nyingine, akazirudisha kwenye bahasha. "Vya plastiki viko sawa vyote. Mhuri upo, cheti kipo. Sasa tuonyeshe ghala."

"Kule hakuna cha maana, mama," mdogo mtu akasema. Muda wote huo alikuwa ametulia. Sasa jasho likaanza kumtoka. Fundi aliliona, na furaha ikampanda hadi akaona aibu kidogo.

"Kama huna la kuficha, fungua," akasema.

Mdogo wake akamgeukia. "Kaka, nakuomba. Rudi kazini."

"Sirudi. Fungua."

Mlango ukafunguliwa, na harufu ya mbao ikawapiga puani. Ukuta hadi ukuta, sakafu hadi bati, vilikuwa viti vya mbao, mafungu ya kumi na viwili kumi na viwili, vimefunikwa nailoni visishike vumbi, miguu yake imeungwa kwa vigingi bila msumari hata mmoja. Hakuna hata kimoja kilichowahi kukaliwa.

Fundi akashika mwimo wa mlango. Akapapasa kigingi cha kiti kilichokuwa karibu; alikichonga yeye.

Mkaguzi alishusha kimoja, akakigeuza juu chini, akatafuta mhuri kila upande, akakosa. Akatoa kalamu. "Hivi ndivyo visivyokaguliwa," akasema. "Kama ni vya hapa nchini, tunaifunga karakana ya aliyevitengeneza, leo leo. Kama ni vya nje, tunakufungia wewe duka. Vimetoka wapi?"

Mdogo mtu hakumtazama kaka yake.

"Niliviagiza nje, mama," akasema.