Anwani ya Kihiyo

Siku hizi sheria inataka kila duka liingie mtandaoni kwa anwani moja, na wote walio ndani huhesabiwa mtu mmoja. Siwema ndiye aliyefunga kifaa cha kulinda mtandao kwenye duka lao la mikate, akaandikisha anwani kwa jina la mumewe, Kihiyo.

Mama yake Siwema alipolazwa Kigoma, Siwema alipiga simu hospitali kupitia mtandao wa duka.

"Bwana Kihiyo, huna mama hapa," mashine ya hospitali ikajibu.

"Mimi ni Siwema, binti yake!"

"Kwenye anwani hii hakuna Siwema."

Akamwendea mumewe. "Baba Mkunde, nataka anwani yangu."

Kihiyo aliendelea kukanda unga. "Kwani sisi si kitu kimoja?"

Siwema akafungua kifaa mwenyewe, akaandika jina lake. Skrini ikajibu: "Karibu, Bwana Kihiyo. Mgeni uliyemwongeza hatambuliki."