Wodi ya Kihwelo

Bahasha za zabuni ya wodi mpya zilipofunguliwa mbele ya watu, bei ya mkandarasi Kihwelo ilikuwa nusu ya bei za wenzake. Sikudhani, afisa ununuzi wa halmashauri, alikuwa na haki ya kuikataa, kwa kuwa haikutosha hata kununua saruji. Hakuikataa. Aligonga muhuri polepole.

Sheria ilikuwa wazi: anayeshinda zabuni hulala na familia yake ndani ya alichokijenga, mwaka mzima, bangili za kielektroniki za kuwafuatilia zikiwa miguuni. Anayelala kwingine, bangili humshtaki.

Kabla ya sheria hiyo, Kihwelo alijenga zahanati. Muuguzi Tausi, mdogo wake Sikudhani, alimwonyesha ufa. "Ni rangi tu, binti," alimjibu. Wiki ya pili ukuta ulimwangukia Tausi, akafa.

Sasa masika yalikuwa yamekaribia, na Sikudhani alikwenda kukagua wodi mpya. Mke wa Kihwelo alimpokea kwa bashasha, mjukuu mgongoni, bangili ndogo ikimeremeta kwenye kifundo cha mtoto.

"Karibu chai, dada. Tena nikuulize, maana mwenzetu umezoea majengo. Huo mstari juu ya kitanda cha mtoto, siyo ufa kweli? Mzee anasema ni rangi tu."

Sikudhani aliupima kwa macho. Kidole kingeingia. Kalamu ilikuwa mkononi, na sentensi moja tu ya kuitangaza wodi kuwa hatari ingetosha kuwafungua wote bangili.

"Mzee ndiye fundi," alisema, akavuta kikombe. "Akisema ni rangi, ni rangi."

Mtoto alimchekea. Sikudhani akasogeza kiti chake karibu na mlango.