Mchi kwa Mikono Miwili

Ahadi ya mwenye rungu, akina mama, si mto wa kulalia. Bi Sikudhani aliwaita askari mwenyewe, siku mwanawe Mbaruku alipojifungia jikoni akigombana na sauti alizozisikia peke yake.

"Tutamfikisha hospitali tu, mama," koplo alisema. "Wewe mwambie atoke."

"Hamtampiga?"

"Tumpige mgonjwa? Kwani sisi hatuna mama?"

Basi Bi Sikudhani akabisha mlango. "Baba, fungua. Niletee na huo mchi nitwange kisamvu."

Mlango ukafunguka. Mbaruku akatoka ameinama, mchi kaulaza juu ya viganja vyote viwili, kama alivyofunzwa tangu utotoni kumpa mkubwa kitu.

"Ana silaha!" koplo akapayuka.

Rungu la kwanza lilimpata mkononi, la pili kichwani. Bi Sikudhani akajitupa katikati yao. "Uliniahidi, wewe! Uliniahidi!"

"Toka hapo, mama. Tuko kazini."

Walipomwinua Mbaruku, mama yake alimsogelea na ncha ya kanga amfute damu machoni. Mbaruku akamtazama, akajibanza nyuma ya koplo.