Jemadari Aliyetaka Kuimbiwa

Nguchiro wa kichuguu kimoja waligombea utawala hadi wakauana ndugu kwa ndugu. Jemadari wa upande mmoja, Makeke, alijua amri moja tu: “Tangulieni, nakuja.” Kila baada ya vita vijana walizikwa, naye akapanda cheo.

Amani iliporudi, alisimama uwanjani, nishani zimemjaa kifuani. “Niimbieni,” akasema.

Hakuna aliyeanzisha wimbo. Kwa mila ya nguchiro, shujaa huimbwa na askari aliowaongoza, si na mwingine yeyote.

“Mnanidharau?” akafoka.

Akainuka mama mmoja aliyezika wanawe wa pande zote mbili. “Waimbaji wako wamo makaburini, Jemadari. Walitangulia kama ulivyowaamuru. Uliwaambia unakuja, na mpaka leo wanakungoja.”