Ganda la Ndizi ya Nne

Bosi alimaliza ndizi ya nne, akamtia ganda mkononi mama aliyembebea fimbo zake za gofu tangu asubuhi.

"Shida yenu hamjui kula," alimwambia huku akitafuna. "Gofu inataka ndizi, karanga, maji kidogo kidogo. Ona unavyohema!"

Kula! Mashimo kumi na saba mgongo unawaka moto, hata punje ya karanga hajaonjeshwa, leo anafundishwa kula! Ganda lilikuwa bado na joto la kiganja cha bosi.

Kwenye shimo la mwisho bosi akachuchumaa. Alibakiza pigo moja ashinde, na mteremko wa nyasi zile, siku zote, mama ndiye humsomea.

"Haya, mama, mpira utapinda wapi?"

Mama akalilaza ganda taratibu juu ya kiatu cheupe cha bosi.

"Iulize ndizi. Mimi nisiyejua kula, mteremko nitaujulia wapi?"